Dhamana ya Ufuo Ulioachwa

Amma baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na Aali zake na Sahaba zake, nimeulizwa swali katika darsa ya baada ya Magharibi hapa Chang'ombe, Dodoma, nami usiku ule sikuweza kulijibu kwa ufupi. Nikamwambia muulizaji aningoje. Jawabu ndiyo hii, na nimeipiga chapa ili wasiokuwako nao waisome.

Muulizaji ni kijana wa Kondoa aliyepata kibarua katika ujenzi wa bomba la mafuta litokalo Uganda kwenda Tanga. Alisema: "Shekhe, nimesikia kazini ya kwamba mafuta yakimwagika baharini uko mpango ulioandikwa, na ndani yake pwani imepangwa kwa daraja: pa kulindwa kwanza, pa kulindwa baadaye, na pengine pasipolindwa kabisa. Je, ni halali mwanadamu kukaa siku ya amani akachagua ufuo wa nani uokoke na ufuo wa nani uchafuke? Na mimi niliyekula ujira wa bomba hili huku bara, nina sehemu katika jambo hilo?"

Wenziwe wakacheka. Wakasema bahari iko mbali nasi zaidi ya maili 200, na mtu wa Dodoma hujua maji ya kisima na ya korongo la masika tu. Nami nikawaambia wasicheke, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, tangu Kabaale katika nchi ya Hoima mpaka rasi ya Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Sehemu kubwa yake, kadiri ya kilomita 1,147, iko Tanzania, nayo hupita mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Katika mkoa wetu hupita Chemba na Kondoa. Kwa hiyo njia ya mafuta yale kuifikia bahari inapita katika ardhi yetu. Sababu ya pili ni kwamba Dodoma ndiyo makao ya Serikali na Bunge. Sheria za bahari hujadiliwa hapa, na karatasi za bahari hutiwa sahihi hapa, na watu wasiosikia kishindo cha wimbi.

Ameipokea Annu'man bin Bashir, Mwenyezi Mungu amwie radhi, hadithi ya watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata tabaka la juu na wengine la chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji. Wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Mtume, rehema na amani zimfikie, akabainisha ya kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Sisi tumezoea kuisoma hadithi hii kana kwamba mtoboaji siku zote ni wa chini. Tazama jahazi letu: wa juu watapata ujira, ushuru na kodi, na tundu likitoboka, maji yatawaanza wa chini. Basi wa juu wana haja ya kuisoma hadithi hii kuliko wa chini.

Wanavyuoni husema ya kwamba huwezi kukihukumu kitu usichokijua. Basi tujue kwanza jambo lenyewe lilivyo, ndipo tulitolee hukumu.

Pwani si kitu kimoja. Mafuta yakipiga jabali lililo wazi kwa mawimbi, bahari hulisafisha yenyewe kwa majuma au kwa miezi. Yakiingia katika mikoko, huziba mizizi ile inayochomoza matopeni kuvuta pumzi, na mti hufa kwa kukosa hewa. Na mafuta yaliyozama matopeni hukaa miaka mingi, kwa kuwa wimbi halifiki pale kuyaosha. Kwa ajili hiyo wataalamu wameweka daraja tangu 1 hata 10. Daraja ya 1 ni jabali lililo wazi, na ya 10 ni mikoko na mabwawa ya maji ya chumvi. Ramani za kwanza za namna hii zilichorwa mwaka 1979, wakati mafuta ya kisima cha Ixtoc, kilicholipuka katika Ghuba ya Mexico, yalipokuwa yakisogelea pwani ya Texas. Zilichorwa kabla mafuta hayajafika, ili ijulikane milango ipi ya mahori izibwe kwanza.

Kwa nini izibwe mingine na mingine iachwe? Kwa sababu vyombo na watu havitoshi. Vizuizi vya kuelea vinavyotandazwa juu ya maji havizuii kila mahali: mkondo ukizidi kama kilomita 1 na nusu kwa saa, mafuta hupita chini yake. Ziko na dawa za kuyavunja mafuta yakawa matone madogo yakachanganyika na maji. Lakini dawa hizo huuhamisha msiba, hazihuishi kilichokufa. Katika jaribio lililofanywa Panama mwaka 1984, mafuta yaliyotiwa dawa yalidhuru matumbawe na majani ya bahari, nayo baada ya miaka yakarejea. Na yale yasiyotiwa dawa yaliua mikoko, na madhara yake yakadumu. Basi anayeshika dawa mkononi anachagua kati ya mwenye kuvua mwambani na mwenye kuokota chaza mikokoni. Hakuna mkono usiochagua; hata kutofanya neno ni kuchagua.

Ongeza na hali ya bahari yetu. Mkondo wa pwani hii hwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi. Mafuta yakimwagika Chongoleani wakati huo yataelekea Mkinga na mpaka wa Kenya. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua nguvu na upepo husukuma upande mwingine, penye Tanga yenyewe na njia ya Pangani, ambako iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za kale mno, hata akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938; na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimtoa katika majarife yao. Tena wakati wa bamvua maji hupanda mita 3 na zaidi, yakaingia ndani kabisa ya mikoko. Wakati wa maji mafu hayafiki huko. Mpango uliochorwa kwa upepo mmoja na maji ya namna moja ni nusu ya mpango. Na mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Hayatiririki mpaka yapashwe moto, na bomba limeundwa liyaweke katika joto la nyuzi 50 na zaidi. Yakikutana na maji ya bahari, yaliyo baridi kuliko hivyo, huganda. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya mafuta mepesi hakitayafaa haya.

Wala msiba wa namna hii si jambo geni katika bahari yetu. Mombasa ilionja mwaka 1988, mikoko ya Makupa ikafa. Ikaonja tena mwaka 2005, mafuta ya meli moja yalipoingia katika mikoko ya Port Reitz. Na mwaka 2020, tarehe 25 Julai, meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius. Haikuvuja siku hiyo. Ilikaa juu ya mwamba siku 12, na mafuta kadiri ya tani 4,000 matumboni mwake, hata tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja, na tani kadiri ya 1,000 zikaingia katika maji ya matumbawe na mikoko. Kisiwa kile kilikuwa na mpango ulioandikwa. Lakini watu wake waliposhuka pwani walikuta hawana vya kutosha. Wakashona magunia na nguo wakayajaza majani makavu ya miwa, wengine wakakata nywele zao, wakavitandaza baharini viwe vizuizi. Mwenyezi Mungu awalipe kheri kwa juhudi yao. Lakini sisi tuzingatie: zile siku 12 zilikuwa muhula, na muhula si kitu kwa asiyejiandaa kabla yake.

Sasa nakuja kwenye hukumu. Kwanza nitaondoa shaka ya mwenye kusema kwamba kuupangia msiba kabla haujaja ni kuuita, na kwamba mwenye kumtegemea Mola hana haja ya ramani. Hayo si mategemeo. Nabii Nuhu, amani imfikie, aliunda jahazi katika nchi kavu, na watu wakamcheka kama mlivyomcheka mwenzenu. Nabii Yusuf alihifadhi nafaka miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, naye ni katika wenye kumtegemea Mungu sana. Na Imamu Ghazali, katika maimamu wa madhehebu yetu, amekwisha kubainisha ya kwamba mtu mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akadai kuwa hayo ndiyo mategemeo, hakuyajua mategemeo. Kujilinda na dhara kabla haijashuka ni wajibu kwa kadiri ya uwezo. Wakiutimiza baadhi ya watu, wengine wametua mzigo. Wakiuacha wote, wote wamepata dhambi, wa pwani na wa bara.

Kisha swali lenyewe: je, ni halali kuchagua? Jawabu iko katika vitabu ambavyo wanafunzi wetu wanavisoma, ila husomwa haraka kwa kudhaniwa kuwa ni mambo ya mabaharia wa zamani. Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja mas'ala ya jahazi lililokaribia kuzama. Muhtasari wake kwa maneno yangu ni huu. Kutupa shehena baharini ili jahazi lipate wepesi ni halali, na ikitarajiwa kuokoka roho za abiria huwa ni wajibu. Lakini mwenye kutupa mali ya mwenziwe pasipo idhini yake, ni juu yake kuilipa. Na mtu akimwambia mwenziwe, "Itupe mali yako, na mimi ni mdhamini," neno hilo humfunga. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wakaongeza ya kwamba roho za watu hazimo katika shehena: hata mtumwa hatupwi baharini ili aokoke muungwana.

Ndugu yangu, lisome jambo la mafuta kwa taa hii utaliona wazi. Ufuo wa jabali ukiachwa ili watu na vyombo viende kuilinda mikoko, hiyo ni shehena iliyotupwa ili jahazi liokoke. Ni halali, na pengine ni wajibu, kwa sababu dhara iliyo nyepesi huchukuliwa ili iondoke iliyo nzito. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba daraja zote ni dhulma, na kwamba kila mahali palindwe sawasawa, amesema neno la huruma lakini si la fikihi. Akigawa vizuizi kidogo kidogo pwani nzima, hatalinda mahali popote.

Lakini hukumu ile ina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayosahauliwa: uhalali wa kutupa haukuiondoa dhamana. Ufuo ulioachwa una wenyewe. Yupo mwenye ngalawa anayeipandisha pale, yuko mama anayekwenda kutafuta pweza maji yakitoka, yuko mwenye kamba za mwani, yuko mwenye dema. Ikiwa ufuo wao umetolewa ili wa wengine upone, basi wao ndio waliookoa jahazi kwa mali yao, na wana haki juu ya kila aliyeokoka. Mpango unaosema "hapa patalindwa kwanza" na ukanyamaza juu ya wale walioachwa ni mpango uliosoma nusu ya mas'ala.

Huenda mtu akaleta hoja ya Khidhri, aliyelitia ila jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na kitendo chake kikawa sawa. Jawabu ni kwamba Khidhri alitenda kwa ilimu aliyopewa na Mola wake, na alilitia ila jahazi la maskini ili libaki kuwa lao, mfalme dhalimu asiwanyang'anye. Mwenye ramani hana ilimu ile. Na akiharibu jahazi la maskini ili liokoke jahazi la tajiri, hakumfuata Khidhri; amemfuata yule mfalme.

Hapa ndipo penye khatari yenyewe. Katika kupima daraja za pwani, mikoko na kasa na matumbawe vina watu wa kuvitetea, nao wanafanya vyema. Hoteli ina mwenyewe, na bandari ina wakubwa wake. Ufuo wa wavuvi wasiojua kuandika barua ya Kiserikali una nani? Siku ya msiba, ikiwa hapana mpango, mwenye sauti kubwa ndiye atakayepelekewa vizuizi. Kwa hiyo nasema kuchagua siku ya amani si ukatili, kama alivyokhofu muulizaji wetu, bali ni kumlinda mnyonge na uchaguzi wa siku ya fazaa. Lakini sharti lake ni kwamba mnyonge awepo wakati wa kuchagua. Katika Minhaji idhini imetajwa, na idhini haipatikani kwa mtu asiyeulizwa.

Watu wa ofisini wana hoja yenye nguvu, wala siidharau. Husema: "Tukiwatajia watu kwamba ufuo wao hautalindwa kwanza, tutaleta fitina kwa jambo ambalo huenda lisitokee milele." Nami nasema: fitina ya leo ni ya maneno, na maneno yanatengenezwa kwa maneno. Wataleta khabari msizokuwa nazo: kwamba ufuo mnaouona mtupu ndipo dagaa wanapoanikwa, au kwamba wakati wa kusi chombo hakitoki ila kwa mlango ule mmoja. Pengine daraja itabadilika, na mpango utakuwa bora. Ama fitina ya kesho, mtu akikuta mafuta mlangoni mwake ndipo ajue kwamba alikuwa ameandikwa miaka kumi nyuma kuwa ataachwa, hiyo haitatengenezwa kwa maneno. Siri hufaa vitani kwa adui, na mvuvi si adui.

Limebaki jambo la ushahidi, nalo ni dogo machoni na kubwa katika haki. Katika sheria yetu mwenye kudai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, na mahakama za dunia nazo hufanya vivyo. Uko mfuko wa kimataifa wa fidia ulioundwa kwa mkataba wa mwaka 1992, na Tanzania ni mwanachama wake. Mfuko huo hulipa khasara ya mafuta yanayochukuliwa na meli za mafuta, tena khasara iliyothibitishwa. Ama mafuta yakivuja katika bomba lenyewe au katika tangi lililo nchi kavu, hayo hayamo, na fidia yake itafutwe katika sheria na mikataba mingine. Sasa mvuvi anayeuza samaki wake kwa fedha mkononi, asiye na daftari wala risiti, atathibitisha nini? Atasema, "Nilikuwa nikipata riziki," na ataambiwa, "Kiasi gani?" Basi katika mpango wa kulinda pwani iwemo kazi hii: katika siku za kawaida, kabla ya msiba wowote, iandikwe nani anavua wapi, kwa chombo gani, katika msimu gani, na hupata kadiri gani; na nakala ikae kijijini. Kizuizi kizuri kikosekane, huenda kitatoka nchi nyingine kwa ndege. Ushahidi wa jana hauletwi na ndege yoyote.

Wako na wasemao kwamba kheri ni mafuta yasipite kabisa, na wana hoja zao. Sikuulizwa hilo, wala sitalijibu hapa. Lakini hata wasemao hivyo hawaepuki na mas'ala haya, kwa kuwa meli za mafuta zinaingia Dar es Salaam, Tanga na Mombasa tangu zamani, na petroli inayotiwa katika magari yetu hapa Dodoma imepita baharini kabla ya kupanda mlima kuja kwetu.

Basi, ewe kijana wa Kondoa, jawabu yako kwa ufupi ni hii. Kupanga ni wajibu. Kuchagua ni halali, ikiwa kilicho kizito kimetangulizwa juu ya kilicho chepesi, na si mwenye nguvu juu ya mnyonge. Mwenye kuachwa aulizwe kabla, aambiwe wazi, na dhamana yake itamkwe siku ya amani, kwa sababu mdhamini husema kwanza, ndipo shehena hutupwa. Ama ujira wako wa kibarua, umeufanyia kazi na ni halali yako. Na sehemu yako katika jambo hili ni amana ya macho na ulimi: ukiona palipoungwa vibaya, au palipofukiwa kabla ya kukaguliwa, sema, hata kama kusema kutakugharimu kibarua. Umesimama Kondoa, lakini unachokifukia kina mwisho Chongoleani, na yuko mtu huko asiyekujua ambaye chakula cha watoto wake kiko katika mkono wako.

Usiku ule baada ya Isha kijana aliniuliza tena mlangoni: "Na ikiwa hayatamwagika kamwe, je, kazi yote hiyo haikupotea?" Nikamwambia: mlinzi aliyekesha na mwizi asije hakulala bure, na ujira wake haukatwi.

Haya ndiyo niliyoyaona. Yakiwa sawa ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na palipo na kosa ni langu, na mwenye ilimu zaidi anisahihishe. Wallahu aalamu.